Chumvi Tuliyodhani Tumeiacha

Chumvi ya mezani tuliitoa nyumbani mwezi wa tatu, siku mama alipotoka kliniki na presha ya 172 kwa 98. Nilichukua kile kikopo chenye matundu nikakiweka juu ya kabati, nyuma ya masufuria ya shughuli, mahali ambapo hata mimi sifiki bila kupanda stuli. Wanangu mapacha, Kulwa na Doto, niliwaambia bibi anaumwa, kuanzia leo hakuna kuomba chumvi mezani. Mama mwenyewe hakuhitaji kubembelezwa. Dada yake mkubwa alipooza upande mmoja kule Misungwi, akalala kitandani miaka miwili mpaka alipofariki, na mama ndiye aliyekuwa akimgeuza na kumlisha. Alijua presha ikiachwa inamfikisha mtu wapi.

Dawa alimeza kila asubuhi baada ya uji, mbele ya macho yangu. Mwezi wa nne tukarudi kliniki: 170 kwa 96. Mwezi wa tano: 174 kwa 98. Daktari akaongeza dawa ya pili. Nesi aliyempima akamuuliza taratibu, huku akimfungua ule mkanda wa mkononi:

"Mama, chumvi vipi?"

"Tumeacha kabisa, mwanangu. Muulize huyu."

Nikaitikia kwa moyo mweupe, maana nilijua nilipokificha kikopo. Nesi hakubisha. Alisema tu, "Mkifika nyumbani, angalieni na ile chumvi msiyoitia kwa mkono." Nilidhani anasemea chakula cha mgahawani, na sisi mgahawani hatuli. Nikalipuuza neno lake.

Nililielewa siku chache baadaye, usiku, nikiwa dukani na umeme umekatika.

Nina duka la rejareja huku Mabatini, Mwanza. Ni duka dogo la vitu vya kila siku: unga, sukari, mafuta ya kupima, sabuni, majani ya chai, biskuti za watoto. Nimeliendesha miaka 11. Katika miaka hiyo nimeuza maelfu ya pakiti, na kwenye kila pakiti nilikuwa nasoma vitu viwili tu, bei niliyonunulia na tarehe ya kuharibika. Mambo mengine yaliyoandikwa pale niliyachukulia kuwa ya kiwandani, hayanihusu.

Usiku ule wateja walikuwa wamekatika. Nilikaa juu ya kreti nikihesabu boksi la vile vipande vya mraba vya kiungo cha mchuzi, vinavyofungwa kwenye karatasi ya kung'aa. Huku kwetu kila mtu anaviita kwa jina la kampuni, hata kama kampuni ni nyingine. Nilikuwa nawasha tochi ya simu ili nisikosee hesabu, na mwanga ukaangukia upande wa nyuma wa boksi. Mbele kulikuwa na picha ya kuku aliyeiva, nyanya nyekundu na jani la kotmiri. Nyuma kulikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa. Neno la kwanza baada ya "viambato" lilikuwa chumvi. Baada yake wanga, mafuta, kikoleza ladha, na sukari. Kuku, aliyejaa picha yote ya mbele, alikuwa karibu na mwisho.

Sikujua kama mpangilio ule una maana. Kesho yake nilimpigia mdogo wangu anayefundisha kemia sekondari.

"Dada, hawapangi ovyo," akaniambia. "Wanaanza na kilicho kingi kwa uzito, wanamalizia na kilicho kidogo. Chumvi ikitangulia, ujue ndiyo iliyojaa humo kuliko kitu kingine chochote."

Kanuni hiyo imo kwenye viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex, vinavyosimamiwa kwa pamoja na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na WHO, Shirika la Afya Duniani, na nchi nyingi zimeifuata kwenye sheria zao. Kwa hiyo hata pakiti iliyotoka Kenya au Uganda, na kwetu Mwanza bidhaa za huko ni nyingi, unaweza kuisoma kwa kanuni ileile. Soma vitatu vya mwanzo. Hivyo vitatu ndivyo unavyokula kwa kiasi kikubwa, vingine ni vya kukoleza.

Mdogo wangu akaja Jumamosi na kalamu yake. Akanionesha mstari ulioandikwa sodiamu, chini kabisa ya lile jedwali la lishe. Chumvi ya mezani ni sodiamu na klorini, na kinachopandisha presha ni ile sodiamu. Baadhi ya viwanda vinaandika chumvi, vingine vinaandika sodiamu, na wanaoandika sodiamu namba yao inaonekana ndogo. Ili ujue ni chumvi kiasi gani, unazidisha kwa mbili na nusu. Gramu 1 ya sodiamu ni sawa na gramu 2.5 za chumvi. WHO linashauri mtu mzima asivuke gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na mtoto kiwango chake kiwe chini ya hapo.

Tukapiga hesabu ya jikoni kwangu, na naiweka hapa kama tulivyoipiga. Kipande kimoja cha gramu 4, kwa mujibu wa jedwali la boksi lile, kilikuwa na sodiamu miligramu 900 hivi. Mchana kwenye dagaa naweka viwili. Jioni kwenye maharage naweka vitatu, kwa sababu sufuria ni kubwa. Jumla vitano, miligramu 4,500 za sodiamu. Zidisha kwa mbili na nusu: gramu 11 na kidogo za chumvi. Baba Kulwa ni dereva wa lori, siku nyingi hayupo, kwa hiyo tulikuwa watu wanne mezani. Kila mmoja alikuwa anapata karibu gramu 3 za chumvi kutoka kwenye vipande peke yake, zaidi ya nusu ya kipimo cha siku cha mtu mzima, na hapo bado hatujahesabu mkate wa asubuhi, ambao una chumvi ndani ingawa ulimi hauioni, wala majarini ya kupaka. Na mama, ambaye hana meno mengi, ndiye mpenda mchuzi. Anamwagia ugali mpaka unaelea.

Niliumia sana. Mtu niliyekuwa nampeleka kliniki kwa daladala, nampangia foleni tangu saa kumi na moja alfajiri, ndiye niliyekuwa namtilia chumvi kwa mkono wangu mara mbili kwa siku, na nilikuwa nimeapa mbele ya nesi kwamba tumeacha.

Vipande tuliviondoa siku ileile. Lakini mdogo wangu, kabla hajaondoka, alisimama mbele ya rafu ya jikoni akaangalia lile bonge la magadi.

"Na haya je?"

Mtu asiyekulia Usukumani huenda asione uzito wa swali lile. Magadi kwetu yanaingia kwenye mlenda, kwenye maharage magumu, kwenye nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, ili yalainike upesi na yabaki na rangi. Mama hapiki mboga ya majani bila kumega kipande cha magadi. Nayo magadi ni sodiamu kabonati na bikabonati kutoka ardhini. Yaliyo safi, uzito wake unakaribia theluthi moja sodiamu. Hakuna pakiti, hakuna jedwali, yanauzwa kwa fungu juu ya gunia sokoni. Kama nisingekuwa nimejifunza neno sodiamu kutoka nyuma ya boksi, nisingeyashuku mpaka leo.

Mama alikataa katakata.

"Magadi si chumvi. Magadi ni magadi."

"Mama, ndani yake kuna kitu kilekile cha kwenye chumvi."

"Bibi yako amekula magadi mpaka miaka tisini. Nsansa bila magadi ni kulisha watu majani ya ng'ombe."

Sikushinda usiku ule, na sikutaka kushinda kwa kelele. Mtu wa miaka 68 aliyelima pamba na kusomesha watoto sita kwa jembe la mkono humwambii tu "acha" halafu ukamwachia sahani isiyolika. Nilichofanya ni kutafuta namna ya kulainisha. Nsansa nikawa naziloweka kwenye maji ya uvuguvugu tangu asubuhi, napika taratibu kwa moto mdogo, halafu natia karanga zilizotwangwa. Maharage naloweka usiku kucha. Mlenda ndio ulionishinda zaidi. Bila magadi hauvutiki vile mama anavyopenda, nikaishia kuongeza bamia. Tukakubaliana: magadi Jumapili tu, na kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi, siyo cha kidole.

Kayabo nayo ikaingia kwenye mazungumzo. Ni sangara aliyepasuliwa, akapakwa chumvi nyingi na kuanikwa, wale wanaopakiwa kwa magunia pale Mwaloni kwenda hadi Kongo. Mama alikuwa anakipenda kipande cha kayabo kwenye nazi. Tulianza kwa kuiloweka na kubadilisha maji mara tatu, baadaye tukaiacha iwe ya mara moja moja. Dagaa wa ziwani wanakaushwa kwa jua, kwa kawaida bila chumvi, na kwa kuwa unawala mzima na mifupa yao unapata kalsiamu humohumo. Bei yake mtu wa kawaida anaimudu. Tukahamia huko, na ladha tukaitafuta kwenye limau, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili na nyanya nyingi za kukaanga mpaka ziive kweli.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu kwa nyumba nzima. Doto alikuwa anasukuma sahani. Wiki ya tatu hivi mama aliletewa chipsi na jirani, akala tatu akazirudisha: "Hizi wamemwagia chumvi." Zilikuwa chipsi zilezile za siku zote, za kijana yuleyule wa kona. Ulimi wake ndio uliokuwa umerudi.

Jambo moja naliweka hapa kwa sababu nimeona watu wakikosea. Kupunguza chumvi kusikupeleke kwenye chumvi ya gunia isiyo na jina, eti ni ya asili. Hiyo kidogo unayotia, hakikisha pakiti imeandikwa ina madini joto. Wazee wetu wenye rovu shingoni tuliwaona kwa macho.

Baada ya chumvi nikawa nimeamka. Kila usiku, kabla ya kufunga duka, nilisoma pakiti moja. Nilikuwa na daftari la madeni, nikaanza kuandika na huko kurasa za nyuma.

Kitu cha kwanza kilichonichanganya ni safu mbili za namba. Moja inasema kwa gramu 100, nyingine inasema kwa mlo mmoja. Mlo mmoja anaupanga mwenye kiwanda. Kwenye pakiti moja ya tambi za kuchemsha haraka, mlo mmoja ulikuwa nusu ya pakiti. Sijawahi kumwona mtoto wa Mabatini akila nusu ya tambi na kumwekea mwenzake nusu. Kwenye biskuti, mlo ulikuwa biskuti tatu, na pakiti ina kumi na mbili. Kwa hiyo nikajifundisha kutumia safu ya gramu 100 ninapolinganisha pakiti mbili, na kupima chakula chenyewe kwa jinsi kinavyoliwa nyumbani kwangu, siyo kwa jinsi karatasi inavyotamani. Kwenye safu hiyo ya gramu 100, vipimo wanavyotumia Uingereza nimeviona rahisi kukariri: chumvi ikivuka gramu 1.5 ni nyingi, sukari ikivuka gramu 22.5 ni nyingi. Chumvi ya gramu 0.3 kushuka chini, au sukari ya gramu 5 kushuka chini, ni kidogo. Nimeviandika kwenye kipande cha boksi na kukibandika pembeni ya mizani.

Sukari nilijifunza kwa ajili ya mapacha.

Kila siku ya shule nilikuwa nawawekea kila mmoja kiboksi cha "juisi ya embe", na nilijisikia mama mwema kwa sababu siyo soda. Jioni moja nikakigeuza. Hakikuandikwa juisi. Kiliandikwa kinywaji chenye ladha ya embe. Maji, sukari, kisha juisi ya embe asilimia 10, kisha tindikali ya limau, rangi na harufu. Sukari gramu 12 kwa mililita 100, na kiboksi kina mililita 250. Gramu 30. Kijiko cha chai kinabeba gramu 4.

Sikutaka kuwahubiria. Niliweka glasi ya maji mezani, bakuli la sukari na kijiko, nikamwambia Kulwa apime, Doto ahesabu. Kulwa ni mtu wa makini. Kila kijiko alikisawazisha kwa kidole gumba. Moja. Mbili. Walipofika vinne Doto aliniangalia kuona kama bado hatujamaliza. Tano. Sita. Saba. Cha nane nikawaambia nusu. Sukari ilikuwa imekaa chini ya glasi kama mchanga wa Ziwa, ikabidi wakoroge muda mrefu ndipo iyeyuke. Wakakaa kimya wakiangalia maji, kisha Doto akauliza, "Na embe iko wapi?"

Sina swali bora kuliko hilo la kuuliza pakiti yoyote. Siku hizi wanalitumia wenyewe: yoghati ya stroberi, stroberi iko wapi, biskuti za maziwa, maziwa yako wapi. Wanasoma orodha kwa kidole. Shuleni wanakwenda na maji na chungwa, na machungwa ya Ukerewe yakishuka bandarini tunanunua ya wiki nzima.

Sukari ina majina mengi, na hapo ndipo wasomaji wengi wanapopotezwa. Glukosi, fruktosi, dekstrosi, sukrosi, sharubati ya mahindi, asali, zote ni sukari. Maltodekstrini haina utamu mwingi lakini mwilini inageuka sukari upesi. Mwenye kiwanda akitumia aina tatu badala ya moja, kila moja inashuka nafasi kwenye orodha, na unga unaonekana umetangulia kwa mbali. Ukizijumlisha, unakuta sukari ndiyo iliyokuwa mbele. WHO linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke mpaka asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ya pili ni kama gramu 25. Kiboksi kimoja cha wanangu kilikuwa kimeshaipita.

Kuna mzee mmoja, mvuvi mstaafu, ana kisukari. Alikuwa akija kununua biskuti zilizoandikwa mbele "bila sukari iliyoongezwa", anakula pakiti nzima na chai isiyotiwa sukari, na anashangaa sukari yake haishuki. Nilimsomea: unga wa ngano wa kwanza, na kabohaidreti gramu 68 kwa gramu 100.

"Shikamoo mzee. Sukari hawajaongeza, ni kweli. Lakini unga huu wenyewe mwilini unakuwa sukari."

"Marahaba. Sasa Mama Kulwa, mbona hawakuandika hivyo mbele?"

Nilikosa jibu la kumpa. Mbele ya pakiti pamelipiwa ili pauze. Mafuta ya kupikia ndiyo mfano unaoniudhi kuliko yote: dumu lina moyo mwekundu na maneno "haina lehemu", yaani kolesteroli, na mama wa watu anaongeza bei kwa sababu hiyo. Mafuta yoyote ya mimea hayana lehemu, yawe ya alizeti, pamba au mawese, kwa sababu lehemu inatoka kwa mnyama. Wameandika jambo la kweli lisilokusaidia kuchagua. Cha kuangalia ni mstari wa mafuta yaliyoshiba, yale yanayoongeza lehemu mwilini, na kwa hapo alizeti na mawese hayalingani kabisa: ya mawese ndiyo mengi.

Mkate wa brauni nao usinunuliwe kwa rangi. Angalia kama neno la kwanza ni ngano isiyokobolewa, au ni unga wa ngano tu na mbele kidogo kuna karameli ya kupaka rangi.

Tarehe niliwahi kuzifahamu, au nilidhani. Mwaka juzi muuzaji mmoja wa jumla aliniuzia katoni mbili za juisi ya unga. Nikipanga kwenye rafu nikaona tarehe imeandikwa kwenye stika, siyo kwenye pakiti yenyewe. Nikaikwangua kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na tarehe nyingine, iliyopita miezi miwili. Nilizirudisha, akabadilisha bila neno, nami sikununua kwake tena. Mteja yeyote ana haki ya kukwangua. Tangu 2019 usimamizi wa vyakula umehamia TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kutoka iliyokuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa, kwa hiyo malalamiko ya namna hiyo yanapelekwa huko. Na mjue tofauti ya maneno: "mwisho wa matumizi" ni mwisho kweli, hasa kwa maziwa na nyama, "bora kabla ya" inasema ladha na ubora vitapungua baada ya hapo.

Watu huniuliza kama bado nauza soda na vipande vya mchuzi. Nauza. Kodi ya fremu na ada za watoto zinatoka humo, na jirani yangu anaviuza hatua kumi kutoka hapa. Nilichobadilisha ni kwamba mtu akiniuliza namwambia ninachokijua, hata kama atakirudisha kwenye rafu. Mafuta ya kupima sikuyaacha, kwa sababu wengi hawana fedha ya lita nzima, lakini dumu lake naliweka mbele, lebo ikimwangalia mteja, asome alichopimiwa. Unga wa lishe wa wajasiriamali wa mtaani nauchukua ule tu ulioandikwa tarehe ya kusagwa. Ndani yake kuna karanga na mahindi, na vikihifadhiwa vibaya vinaota ukungu unaotoa sumukuvu, sumu ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Tarehe haithibitishi kwamba haimo. Ila asiyejua amesaga lini, sina namna ya kumwamini kuhusu jinsi alivyohifadhi.

Vyakula vyetu vingi vizuri havina lebo kabisa, na hivyo navyo vinasomwa. Kila Jumatano alfajiri nakwenda Mwaloni, Kirumba, kuchukua dagaa. Siangalii walio juu ya gunia, hao wamepambwa. Nazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, natoa wa chini, nawasugua kiganjani na kupuliza. Mchanga ukibaki kiganjani, hao walianikwa chini. Nauliza wazi: "Wa kichanja au wa mchangani?" Muuzaji mwaminifu anasema, na bei ya wa kichanja iko juu. Rangi inatakiwa iwe ya fedha, inayong'aa upande wa tumbo. Akiwa wa njano au kahawia, amenyeshewa kabla hajakauka, mafuta yake yameshaharibika, na ukimtafuna kichwa unasikia uchungu kooni. Wa namna hiyo alishaharibika tangu ufukweni, na mama mmoja pale aliniambia wanaishia kwenye chakula cha kuku.

Mwezi wa nane presha ya mama ilikuwa 148 kwa 90. Mwezi wa kumi, 136 kwa 84. Sitasema ni chumvi peke yake, kwa kuwa dawa ya pili iliongezwa mwezi wa tano na bado anaimeza, wala hatujaacha dawa hata siku moja. Nesi yuleyule alimfungua mkanda akasoma mara mbili. Mama, ambaye alisoma mpaka darasa la pili, akamwambia, "Tulikuwa tunakula sodiamu." Alilitamka polepole, silabi kwa silabi, kama Kulwa alivyomfundisha.

Mvua za kwanza zilipoanza alitaka kurudi shambani. Nilimsindikiza stendi ya Nyegezi. Kwenye kikapu chake nilikuwa nimempangia dagaa wa kichanja kilo mbili, dawa za miezi miwili, limau, tangawizi, na pakiti ya chumvi yenye madini joto aliyochagua mwenyewe dukani, akimwita Doto amsomee. Wakati kondakta anapakia mizigo kikapu kiliinama, nikashika, na mkono wangu ukagusa kitu kigumu kilichofungwa kwenye kipande cha kitenge, chini kabisa. Nilikijua kabla ya kukifungua.

Mama alikuwa ananitazama kutoka dirishani.

"Hicho ni cha Jumapili," akasema.

Nikakirudisha chini ya dagaa, nikafunika vizuri, nikampa kondakta kikapu.